Mfungwa Anakula Kila Siku, Mbona Anakonda?

Ukitaja chakula cha gerezani mtaani, utajibiwa na mmoja kati ya watu wawili. Wa kwanza atakuambia wafungwa wanadekezwa, wanapikiwa kwa kodi zetu wakati kuna bibi kijijini analalia uji wa chumvi. Wa pili atakuambia kule ni maharage yenye wadudu na ugali mgumu kama tofali, na anayetoka na afya yake amshukuru Mungu. Mabishano haya yalipamba moto Tanzania Julai 2018, Rais John Magufuli alipomwapisha Phaustine Kasike kuwa Kamishna Jenerali wa Magereza na kumwagiza kwamba wafungwa wafanye kazi wajilishe, maana ni aibu kwa nchi kuendelea kuwalisha. Wengi walishangilia, wengine wakanung'unika. Waliouliza kwenye sahani kuna nini hasa, na kimefikaje hapo, walikuwa wachache.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndipo wengi wanaporuka. Mashirika ya misaada yanapopanga chakula cha kambini hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa wastani. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kilokalori 360, na gramu 100 za maharage makavu zina kama 340. Mpe mfungwa nusu kilo ya unga na gramu 150 za maharage, umefika 2,300, na protini inakaribia gramu 75, hata kabla hujaweka tone la mafuta. Sasa nenda Burundi, ambako mgawo uliotajwa kwa miaka mingi ni gramu 350 hivi za muhogo na gramu 350 hivi za maharage kwa siku, pamoja na mafuta na chumvi siku zinapopatikana. Piga hesabu ileile, utapata kama 2,400. Kwa mujibu wa karatasi, mfungwa wa Mpimba pale Bujumbura ameshiba.

Lakini watu wanakonda. Wengine miguu inavimba, fizi zinatoka damu, vidonda haviponi, macho hayaoni vizuri jioni. Mabishano yetu huvurugika hapa kwa sababu tunachanganya mambo mawili. Kuna kinachokosekana kwenye chakula hata kikifika chote kama kilivyoandikwa. Na kuna kinachopotea njiani kati ya daftari la ghala na mdomo wa mfungwa. Tiba ya tatizo la kwanza haiponyi la pili.

Kinachokosekana

Sehemu ya tunachokijua kuhusu vitamini ilitoka magerezani. Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwa cha Java, wakati huo koloni la Uholanzi, kilisumbuliwa na beriberi: miguu inakufa ganzi, inavimba, mtu anashindwa kutembea, mwisho moyo unazidiwa. Daktari Christiaan Eijkman alikuwa ameona kuku wakipooza walipolishwa wali mweupe, na kupona walipopewa mchele ambao haukukobolewa sana. Akataka kujua kama kwa binadamu ni hivyohivyo. Mwaka 1896 mkaguzi wa afya Adolphe Vorderman akachunguza magereza 101 ya kisiwa kile, yenye wafungwa karibu 280,000. Kila gereza lilipika mchele kwa desturi ya eneo lake, kwingine mweupe, kwingine wenye ganda lake la ndani. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa mmoja katika kila 39 aliugua beriberi. Palipoliwa ule usiokobolewa, aliugua mmoja katika 10,000.

Wale wa mchele mweupe walikuwa wakishiba. Walichokosa ni vitamini B1 iliyokuwa kwenye ganda lililotupwa. Eijkman akaja kupewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na ungedhani habari iliishia hapo. Haikuishia. Kati ya 2002 na 2003 beriberi ililipuka katika gereza kuu la Abidjan, Ivory Coast, wakaugua mamia ya watu, miaka mia moja na zaidi baada ya Java kutoa jibu.

Kwetu jambo hili linagusa dona. Waliosoma bweni wanaijua na wengi wakimaliza kidato cha sita huapa hawatairudia maishani. Lakini dona ni mahindi yamesagwa na kiini chake na pumba zake, na B1 imo humo. Sembe nyeupe tunayoiona ya kistaarabu imeiacha mashineni. Gereza linalosaga mahindi yake na kupika dona limefanya jambo jema kwa afya ya wafungwa, ingawa sababu yenyewe huwa ni ubahili tu. Siku likipata msaada wa sembe au wa mchele mweupe, wafungwa watafurahi, na mganga wa gereza aanze kuwa macho.

Mahindi nayo yana ila yake. Vitamini B3 imo ndani yake lakini imejifunga namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Wenyeji wa Mexico waliligundua hilo zamani bila maabara, wakawa wanachemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga. Sisi tuliyapokea mahindi bila kupokea chokaa. Mtu anayekula mahindi karibu matupu kwa miezi mingi anaelekea kwenye pelagra: ngozi ya shingo na mikono inababuka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika.

Hapa pia ushahidi ulitoka kwa wafungwa. Mwaka 1915 Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani, alipewa wafungwa 11 wa kujitolea katika shamba la gereza la Rankin, jimbo la Mississippi, kwa ahadi ya msamaha wa gavana. Kwa miezi kadhaa walilishwa vyakula vya mahindi vya kila namna, mikate ya ngano nyeupe, wali, asali ya miwa, viazi vitamu, hata kabichi na majani. Nyama, maziwa na jamii ya kunde havikuwemo. Sita kati ya wale 11 wakapata pelagra, wakati wenzao wa shamba lilelile, waliokula chakula cha kawaida cha gereza, hawakuugua. (Jaribio la namna hiyo leo lisingepita kamati yoyote ya maadili, na ni sawa lisipite.)

Ndiyo maana maharage ya gerezani yanastahili heshima kuliko tunavyoyapa. Mwili unaweza kujitengenezea B3 kutokana na sehemu fulani ya protini ambayo mahindi yanayo kidogo mno, na maharage yanasaidia kuijaza. Protini ya mahindi peke yake ina pengo, ya maharage peke yake ina pengo jingine, zikikutana kwenye sahani moja zinazibiana mapengo. Kwa hiyo gramu 150 za maharage zikigeuka mchuzi mwekundu wenye punje za kuhesabu, mfungwa hajapungukiwa kitoweo tu. Hesabu yote ya mwanzo imeanguka, hata ugali ungekuwa mlima.

Kisha mboga za majani, ambazo huwa za kwanza kuondolewa fedha zikibana. Mwaka 1822 wakuu wa gereza la Millbank, London, waliona wafungwa wanakula vizuri kupita kiasi. Wakapunguza mgawo na kuondoa viazi. Kufikia mwanzoni mwa 1823 gereza lilikuwa limejaa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na ikabidi wafungwa wahamishwe. Kwetu pengo hilo linazibika kwa gharama ndogo sana: tembele halihitaji hata mbegu, linahitaji kipande cha shina na maji yaliyokwisha kuoga watu. Mchicha unavunwa ndani ya mwezi. Tatizo ni kwamba mboga ya watu elfu moja huchemshwa tangu asubuhi ili wapishi waendelee na kazi nyingine, na ikifika kwenye sahani vitamini C nyingi imeshaharibiwa na moto. Ikiingizwa sufuriani mwishoni, na kijiko cha mafuta, ni chakula kingine kabisa.

Kinabaki kitu kimoja ambacho hakuna unga wala maharage wala tembele litakalokileta, nacho ni vitamini B12. Hiyo inatoka kwa mnyama au samaki. Nyama ni ghali, sawa, lakini dagaa wa kusagwa waliotiwa kwenye maharage mara mbili tatu kwa wiki hawajawahi kuifilisi serikali yoyote.

Kinachopotea njiani

Ingia sasa jikoni. Gereza la watu 1,000 linahitaji kilo 150 za maharage makavu kwa siku kwa mgawo ule tuliouchukua kama mfano. Maharage makavu yanataka saa mbili hadi tatu za moto wa maana. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yanazidi kuwa sugu na kutaka zaidi, na ya bei ya chini sokoni ndiyo hayo ya muda mrefu. Kama gereza lina sufuria kubwa chache, maharage na ugali vinagombea jiko moja. Kuni zikiwa mbichi au chache, mpishi anaipua mapema ili apate kusonga ugali kabla ya saa ya kula. Maharage yasiyoiva, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha; sumu hiyo hufa yakichemshwa sawasawa. Mfungwa aliyekula akaharisha ni kama hakula, ingawa daftari limemwandikia gramu zake zote.

Kuloweka maharage usiku kungepunguza kuni na muda. Lakini kuloweka kilo 150 kunataka mapipa safi, maji ya uhakika, na wapishi ambao kabla ya kufungiwa jioni wameachiwa nafasi ya kufanya kazi ya kesho. Vitu vidogo, na kila kimoja kinakosekana mahali fulani.

Ndiyo sababu habari ya kuni si ya wanamazingira peke yao. Serikali ya Tanzania ilipozitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, Jeshi la Magereza likawa mojawapo ya zilizoguswa, na majiko ya gesi na mkaa mbadala yakaanza kuingia magerezani. Rwanda ilikuwa imepita njia nyingine. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilijenga mitambo ya kuzalisha gesi kutokana na vyoo vya magereza, ikapata Tuzo ya Ashden, ya nishati safi, mwaka 2005. Gereza lenye maelfu ya watu halikosi malighafi hiyo. Moto wa uhakika chini ya sufuria unaongeza lishe bila kuongeza hata punje moja ghalani.

Baada ya jikoni kuna saa. Magereza mengi hupakua chakula cha mwisho saa tisa au saa kumi alasiri, kwa kuwa kabla giza halijaingia lazima watu wahesabiwe na kufungiwa, na askari wa zamu ya usiku ni wachache. Uji wa asubuhi unakuja saa kumi na nne au zaidi baadaye, na pengine uji wenyewe haupo, chakula ni mlo mmoja mkubwa mchana. Sheria ya Afrika Kusini ya 1998 inalitamka jambo hili wazi: kati ya mlo na mlo zisizidi saa sita na nusu, na kati ya chakula cha jioni na kifungua kinywa zisizidi saa 14. Ni kifungu kidogo, lakini aliyekiandika alijua gereza. Mwenye kisukari, mama anayenyonyesha na mgonjwa aliyeanza dawa za kifua kikuu wanajua maana ya saa hizo kumi na nne kuliko mwanasheria yeyote.

Kisha kuna mkono unaopakua. Askari ni wachache, kwa hiyo ndani ya magereza mengi wanaoendesha mambo ni nyampara na watu wake. Upawa ukizama chini ya sufuria unatoka na maharage, ukipita juu unatoka na maji. Mwenye fedha, mwenye jina, au mwenye ndugu anayetuma kitu kila wiki, atapata upawa uliozama. Kipande cha nyama ya sikukuu kinaweza kununua sabuni. Ugali wa mgonjwa aliyekosa hamu unaweza kuuzwa kabla hajaufikia. Chakula hugeuka sarafu popote kinapokuwa haba, na anayeishia bila sarafu ni yuleyule asiye na ndugu.

Habari ya ndugu ni nzito. Kituo chochote kikubwa cha polisi, saa za mchana, utawakuta wanawake wamekaa kwenye benchi na hotpoti mapajani. Mlangoni anayeleta chakula huambiwa aonje kwanza mbele ya askari, wali kijiko kimoja, mchuzi kijiko kimoja, ndipo kiingie ndani. Huko mahabusu ya polisi serikali hutegemea familia. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinamruhusu ambaye kesi yake haijaamuliwa kuletewa chakula kutoka nje kwa gharama zake, lakini zinaongeza kwamba asipoletewa, mamlaka imlishe. Ruhusa ile imegeuzwa kuwa wajibu wa familia katika nchi nyingi.

Kongo ndiko jambo hili lilikofika mbali. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa ajili ya watu 1,500 na limekuwa likishikilia zaidi ya 10,000. Chakula chake cha serikali ni mchanganyiko wa mahindi na maharage ambao wenyewe wanauita vungule, kwa kawaida mara moja kwa siku. Mwanzoni mwa 2020 fedha za serikali zilipochelewa, wafungwa kadhaa walikufa kwa njaa na kukosa dawa. Aliyekuwa na mama au mke Kinshasa aliponea kwenye sufuria ya nyumbani. Aliyeletwa kutoka jimbo la mbali hakuwa na sufuria hiyo. Rwanda baada ya 1994, ilipokuwa na mahabusu zaidi ya laki moja, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilibeba sehemu kubwa ya chakula chao kwa miaka kadhaa, la sivyo sijui ingekuwaje.

Fedha na jembe

Kwa nini fedha hazitoshi hata pale nia ipo? Msongamano ndio jibu la kwanza. Gereza lililojengewa jiko, ghala na bajeti ya watu 500 likipokea 1,200, chakula kinagawanywa kwa waliopo. Jibu la pili ni madeni. Kenya, malimbikizo ya madai ya wanaouzia magereza chakula yamefikishwa bungeni zaidi ya mara moja. Mfanyabiashara anayejua atalipwa baada ya mwaka anapandisha bei mapema ili kufidia, au analeta mahindi ambayo soko la wazi lingeyakataa. Na mahindi mabaya si suala la ladha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Wale walikuwa raia huru wenye uwezo wa kunusa gunia na kulikataa. Mfungwa hachagui gunia.

Mfumo wa malipo nao unaweza kuwa mbaya kuliko uhaba. Alabama, Marekani, kwa miaka mingi sheria ilimruhusu mkuu wa polisi wa kaunti kubaki na fedha za chakula cha mahabusu zilizosalia. Greg Bartlett wa kaunti ya Morgan alibaki na dola 212,000 hivi kwa miaka mitatu, huku watu wake wakilishwa soseji za kukaangwa kwenye unga wa mahindi asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, kwa sababu alizipata kwa bei ya kutupwa. Mwaka 2009 jaji wa shirikisho alimtia ndani yeye mwenyewe. Alabama ilikuja kuzuia utaratibu huo miaka kumi baadaye. Popote ambapo senti iliyobanwa kwenye chakula inaingia mfukoni mwa anayebana, huhitaji kutuma mkaguzi ili ujue kinachopikwa.

Turudi kwenye agizo la 2018, kwa sababu lina hoja ndani yake. Jeshi la Magereza la Tanzania lina ardhi nyingi na magereza ya kilimo yenye sifa, na hakuna ubaya mfungwa kulima anachokula. Hata kwa lishe ni faida: mahindi yake, maharage yake, mchicha wake, bila mzabuni katikati. Kinachosahaulika ni kwamba kati ya wote waliomo magerezani Tanzania, karibu nusu kwa miaka mingi wamekuwa mahabusu, watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Kanuni za kimataifa zinasema mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi lakini asilazimishwe. Keko na Segerea, ambako mahabusu ni wengi, ziko ndani ya jiji la Dar es Salaam, na shamba la mahindi liko mkoa mwingine. Unahitaji lori, dizeli, maghala yasiyovuja na mashine ya kusaga. Jembe peke yake halivushi gunia kutoka shambani Morogoro hadi jikoni Segerea.

Halafu shamba lenyewe linakula. Mtu anayelima saa saba juani hahitaji kilokalori 2,100, anahitaji 3,000 au zaidi. Gereza linalowapeleka watu shambani kwa mgawo wa mtu aliyekaa selo linavuna mahindi kwa kulipia misuli ya wafungwa, na mwisho wa msimu utaliona jambo hilo kwenye mabega yao.

Njaa kama adhabu

Nyuma ya haya yote kuna wazo la zamani: kwamba chakula cha mfungwa lazima kiwe duni kuliko cha maskini aliye huru, la sivyo watu watatamani kufungwa. Waingereza walilifanya kanuni katika karne ya 19 na wakaja nalo makoloni yao, pamoja na migawo iliyopangwa kwa rangi ya mtu na "chakula cha adhabu" kwa mkaidi. Kwenye kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela aliwekwa kuanzia 1964, wafungwa Wahindi na wale walioitwa Coloured (machotara) walipewa mkate, na Waafrika hawakupewa. Gereza moja, kosa moja, matumbo ya madaraja.

Hata Umoja wa Mataifa ulichukua muda kuachana na wazo hilo. Kanuni za Geneva za 1955 bado ziliruhusu kumpunguzia mfungwa chakula kama adhabu, mradi daktari athibitishe kwa maandishi kwamba ataweza kustahimili. Wazia daktari anayetia saini karatasi hiyo. Ilipofika 2015 kanuni zikaandikwa upya na kupewa jina la Mandela, na humo kupunguza chakula au maji ya kunywa kama adhabu kumepigwa marufuku kabisa. Jimbo la New York lilikubali kuacha mkate wa adhabu Desemba mwaka huohuo, donge la vyakula vilivyosagwa na kuokwa pamoja ili liwe halina raha yoyote kulila.

Mimi hoja ya bibi wa kijijini siidharau. Ni kweli analala njaa na ni aibu. Lakini yeye ana mlango. Anaweza kwenda kwa jirani, kuchuma mlenda kando ya njia, kumtuma mjukuu. Aliyefungwa tumemwondolea kila njia ya kujitafutia, na mahakama ilipomhukumu miaka mitano haikuandika kwenye hukumu kwamba atoke na pelagra. Na wengine ndani hawakuhukumiwa chochote. Kenya, mtoto anaruhusiwa kukaa na mama yake gerezani hadi afikishe miaka minne, miaka ambayo ubongo na mifupa vinajengwa, na mgawo wa ugali na maharage haukupangwa kwa meno ya mtoto wa miezi saba.

Wapo wasioguswa na huruma, nao wana jambo la kufikiria. Vijana 231 waliofungwa Aylesbury, Uingereza, waligawanywa makundi mawili, moja likapewa vidonge vya vitamini na madini, jingine vidonge bandia, bila wenyewe kujua. Matokeo, yaliyotolewa na Bernard Gesch na wenzake mwaka 2002, yalionyesha makosa ya nidhamu yamepungua kwa kama asilimia 26 kwa waliopata vidonge vya kweli wakilinganishwa na wenzao. Uholanzi walirudia jambo hilo kwa wafungwa 221, na ripoti yao ya 2010 ikaonyesha matukio yaliyoandikwa na gereza yamepungua kwa asilimia 34, ingawa kwenye maswali waliyojijazia wafungwa kuhusu hasira zao tofauti haikuonekana. Nisingesema tabia inatibiwa kwa kidonge. Ningesema askari mmoja anayelinda selo ya watu 80 ana sababu yake binafsi ya kutaka wale vizuri. Kifua kikuu nacho hupenda mwili uliodhoofu na chumba kisicho na hewa, na mgonjwa wake siku moja ataachiwa, atapanda daladala.

Kanuni za Mandela zinamtaka daktari, au mamlaka ya afya, akague mara kwa mara wingi, ubora na mapishi ya chakula na kumshauri mkuu wa gereza. Ukaguzi wenyewe hauhitaji maabara. Unahitaji mizani ya kupima watu na kipimo cha urefu: kila anayeingia apimwe, kisha kila mwezi, na matokeo yaandikwe kwa selo. Selo moja ikikonda wakati nyingine hazijakonda, tatizo liko kwa anayepakua. Gereza zima likikonda Februari, tatizo liko ghalani au kwenye malipo ya mzabuni. Wakikonda wanaokwenda shambani tu, mgawo haulingani na kazi. Na jaji au hakimu anayefika kutembelea gereza, badala ya kuonjeshwa ugali ulioandaliwa kwa ajili ya ugeni, aombe daftari hilo la uzito, kisha aulize maharage ya leo yaliwekwa motoni saa ngapi.